Mbolea ya Bei Nafuu Trans Nzoia: Nani Huipata, na Huipata Lini

Tarehe 13 Septemba 2022, katika hotuba aliyoitoa Kasarani mara baada ya kuapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba magunia milioni 1.4 ya mbolea yangeuzwa kwa wakulima kwa shilingi 3,500 kila gunia la kilo 50, badala ya shilingi 6,500. Mwaka uliofuata bei ilishushwa tena hadi shilingi 2,500. Kwa mtu aliyekulia Trans Nzoia, kaunti ya mahindi magharibi mwa Kenya, kama nilivyokulia mimi, hakuna ahadi nyingine katika hotuba ile iliyogusa maisha ya watu wetu kwa karibu kiasi hicho. Niliifurahia hatua hiyo wakati ule na ninaiunga mkono hadi leo, kwa sababu nimeona mashamba mengi yakipandwa bila mbolea au kwa mbolea nusu, na ninajua hali ya mahindi ya namna hiyo ifikapo Julai: majani yaliyoingia rangi ya zambarau au manjano, mabua membamba, na magunzi ambayo hayajazi kiganja cha mtu mzima.

Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba serikali huipima ruzuku hii kwa idadi ya magunia yaliyotoka ghalani, ilhali faida yake kwa mkulima mdogo huamuliwa na siku ambayo gunia limemfikia na umbali aliotembea kulifuata. Mambo hayo mawili yakipuuzwa, fedha za umma huelekea kwa urahisi zaidi kwa yule ambaye angeweza kununua mbolea hata bila kusaidiwa.

Tuangalie kwanza jinsi bei ilivyofika pale ilipofika. Kenya huagiza kutoka nje karibu mbolea yote ya viwandani inayoitumia, nayo hushushwa bandarini Mombasa kabla ya kupakiwa kwenye malori na kusafiri mamia ya kilomita hadi Kitale, mji mkuu wa kaunti yetu. Mwaka 2021 gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi kuu ya mbolea ya naitrojeni, ilipanda bei duniani; China ikabana uuzaji wa fosfeti nje ya nchi; Februari 2022 Urusi, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea ulimwenguni, ikaivamia Ukraine; na shilingi yetu nayo ilikuwa ikidhoofika mbele ya dola. Mkulima wa Kwanza au Endebess hakuhusika katika lolote kati ya hayo, lakini jumla yake yote ililetwa kwake na kuandikwa kwenye bei ya gunia dukani.

Wapo wanaosema kwamba ruzuku huwadekeza wakulima wadogo. Ningewaomba waisome historia ya kaunti hii. Walowezi wa Kizungu walipopewa ardhi ya Trans Nzoia, serikali ya kikoloni haikuwaachia soko liwaamulie. Nauli ya reli ya kusafirishia mahindi yao iliwekwa chini kwa makusudi, na mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilianza kudhibiti soko la mahindi na kuwahakikishia bei, pamoja na kiasi fulani cha fedha kwa kila ekari waliyoilima hata kama mavuno yangeharibika. Mwafrika aliyeuza mahindi yale yale alipokea malipo madogo kuliko mlowezi, kwa sababu ya makato aliyowekewa yeye. Mpango huo wa dhamana uliendelea hata baada ya uhuru, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na walioufaidi zaidi walikuwa wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo kilimo cha mahindi cha Trans Nzoia, kile tunachokiita ghala la taifa, kilijengwa tangu mwanzo kwa msaada wa serikali. Kilichobadilika ni nani aliyeonekana kustahili kusaidiwa.

Mbegu nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mbegu chotara ya 611, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964, na zile zilizofuata kama 614, ziliwafungulia wakulima wadogo mlango wa mavuno ambayo wazazi wao hawakuyajua. Lakini mbegu hizo huzaa vizuri zinapolishwa mbolea, na kwa kuzikubali, mkulima wa ekari mbili aliingia katika utegemezi wa bidhaa inayotoka ng'ambo. Serikali ilipoondoa udhibiti wa bei za mbolea mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima huyo aliachwa peke yake na mbegu inayodai mbolea na soko lisilomjua.

Jaribio lililonivutia zaidi baada ya hapo lilianza mwaka 2007, kwa jina la Kilimo Plus. Mkulima maskini mwenye kipande kidogo alipewa vocha ya mbegu na mbolea ya kutosha ekari moja: kilo 10 za mbegu, gunia moja la kupandia na moja la kukuzia. Vocha hiyo aliipeleka kwa mwenye duka la pembejeo aliyeidhinishwa, mara nyingi katika kituo kile kile cha biashara anakonunua sukari na mafuta ya taa. Nitarudi kwenye jambo hilo la duka la karibu, kwa sababu naona tuliliacha mapema mno.

Mpango wa sasa umejengwa juu ya usajili, simu na ghala. Machifu na manaibu wao waliwaandikisha wakulima: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, zao na ukubwa wa shamba. Taarifa hizo zikaingizwa katika mfumo wa kitaifa wa kompyuta wa taarifa za kilimo, unaojulikana kwa kifupi kama KIAMIS. Msimu unapokaribia, mkulima hupokea ujumbe wa simu, ambao ndio vocha yake, unaomweleza anastahili magunia mangapi, naye hulipa na kwenda kuyachukua katika ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) au kituo kingine kilichoteuliwa. Mpango huu una uzuri wake, nao hauna budi kutajwa. Zamani orodha ilikuwa daftari la chifu, na jina liliweza kuongezwa au kufutwa bila mtu kujua. Leo kila gunia linatakiwa kuwa na mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mfumo humjua mwenye namba ya simu, na mwenye namba ya simu si lazima awe ndiye anayeshika jembe. Shangazi yangu ni mjane, analima ekari moja na nusu upande wa Cherang'any. Siku ya kuandikishwa, marehemu mume wake ndiye aliyekwenda, akatoa kitambulisho chake na namba yake. Alipofariki, laini ile ilikaa bila kutumiwa mpaka ikafungwa. Machi ilipofika, majirani wakaanza kuonyeshana ujumbe, na yeye akawa anaiangalia simu yake ndogo kila jioni bila kuona kitu. Nilimsindikiza kwenye ofisi husika, tukaambiwa kwamba jina lake halimo ila la marehemu limo, na kwamba hati ya shamba, ambayo bado ina jina la baba mkwe wake, haimtaji popote. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Mwanangu, mimi ndiye nimelima hapa miaka yote hii, na serikali bado inamtafuta marehemu." Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwetu hupimwa kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila shimo, ndipo mbegu iwekwe juu baada ya kufunikwa udongo kidogo. Mwaka ule shangazi aliazima mbolea kidogo kwa jirani na kukigawa kifuniko kimoja kwa mashimo mawili. Usajili wake ulirekebishwa hatimaye, na ujumbe ukaja, ukiwa wa mbolea ya kupandia, wakati mahindi yake yamekwisha kufika magotini. Aliinunua hivyo hivyo, akaliweka gunia juu ya mbao pembeni mwa chumba ili lisiguse sakafu, akasubiri mwaka mwingine. Katika takwimu, shangazi ni mkulima aliyefikiwa na ruzuku msimu ule, na gunia lake limehesabiwa.

Suala la wapangaji ni zito zaidi, ingawa halizungumzwi sana. Trans Nzoia ina watu wengi wanaokodi ardhi kwa msimu, ekari moja hapa na nusu pale, kutoka kwa wenye mashamba wanaoishi mjini au wazee wasio na nguvu za kulima. Mwenye shamba ndiye aliyeandikisha ekari zake, kwa hiyo vocha ni yake. Anayelima hulipa kodi ya ardhi, hulipa trekta, hununua mbegu, na wakati wa mbolea huenda dukani kununua kwa bei kamili, au huuziwa na mwenye shamba mbolea ile ile ya serikali kwa bei iliyo katikati. Sisemi kwamba kila mwenye shamba hufanya hivyo. Wapo waungwana wanaowakabidhi wapangaji wao vocha bila kudai chochote. Ninachosema ni kwamba sheria ya mpango haiwalazimishi, na ruzuku ya taifa haipaswi kutegemea uungwana wa mtu.

Halafu kuna hesabu ya ekari. Mkulima wa ekari moja anahitaji takriban gunia moja la kupandia na moja la kukuzia. Tukichukua tofauti kati ya shilingi 6,500 na shilingi 2,500, anaokoa shilingi 8,000. Mwenye ekari 100, kwa hesabu hiyo hiyo, anaokoa shilingi 800,000. Bei ya soko ilishuka baadaye, na tofauti ikapungua kwa wote, lakini uwiano ulibaki pale pale, kwamba ruzuku inayofungwa kwenye bei ya gunia humpa zaidi mwenye ardhi zaidi. Kuna hoja ya kweli upande wa pili, nami naiheshimu, kwamba taifa linahitaji mahindi yote yanayoweza kuvunwa na kwamba shamba kubwa la Endebess hulisha watu wa Nairobi na Turkana vilevile. Lakini mwenye ekari 100 ana lori lake au la rafiki yake, anatuma kijana akalale foleni, na hana haja ya kuuza kuku ili apate nauli. Kama ni lazima asaidiwe, basi kiwekwe kikomo cha magunia, na kile kinachookolewa kilipie kuyafikisha magunia ya wadogo vijijini.

Hapo ndipo gharama ambayo haimo katika bei ya gunia hujitokeza. Anayechukua magunia mawili hulipa nauli yake ya kwenda, bodaboda au nafasi katika pikapu ya kurudi, chakula cha siku nzima, na mara nyingine hulazimika kurudi siku ya pili kwa sababu mtandao ulikatika au mbolea iliisha. Siku mbili za Machi si siku mbili za Agosti. Mvua za kwetu huanza kushika kuelekea mwisho wa Machi, na sisi tuna msimu mmoja tu wa mahindi kwa mwaka. Atakayechelewa kupanda hupoteza sehemu ya mavuno ambayo hairudishwi na palizi wala mbolea ya kukuzia. Ahadi ya Septemba 2022 yenyewe ilikuja wakati mahindi ya Trans Nzoia yanakaribia kukomaa shambani. Iliwafaa kwanza watu wa maeneo yenye mvua za vuli, na haikuwa vibaya kuwahudumia hao. Ila inaonyesha kwamba tarehe za serikali na tarehe za mvua zinatakiwa kupatanishwa mapema kwa kila eneo, kwa maandishi.

Na mwaka 2024 tulionyeshwa kwamba hata mbolea iliyowahi kufika inaweza isiwe mbolea. Mwezi Machi wa mwaka huo ilifichuliwa kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa chini ya mpango huu hayakuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Uuzaji wa bidhaa hiyo ulisimamishwa, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Bunge la Taifa lilipiga kura Mei 2024 ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 ikaamua kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa, naye akaendelea na kazi hadi Julai, Rais alipolivunja karibu baraza lote la mawaziri. Mimi jambo lililoniumiza ni moja, kwamba fidia ya gunia haiwezi kuwa fidia ya msimu. Mtu aliyeipanda mbegu yake juu ya unga usio na kitu Machi hawezi kuipanda upya Mei kwa sababu ameletewa gunia jingine. Kama fidia ni ya haki, sharti ihesabu mavuno yaliyopotea, na hakuna anayeweza kuyahesabu iwapo hakuna kumbukumbu ya nani alipewa gunia gani, kutoka shehena gani, siku gani.

Udongo wenyewe pia unatudai. Kwa miaka mingi mashamba ya ukanda wetu wa North Rift yamelishwa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfeti, msimu baada ya msimu, na naitrojeni ya aina hiyo, inapobadilika ardhini, huongeza asidi. Udongo wenye pH iliyo chini ya 5.5 hushika fosfeti pamoja na madini ya alumini na chuma, mizizi isiipate. Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha za ruzuku huzikwa ardhini na kubaki humo. Dawa yake inajulikana: chokaa ya kilimo, kama ile inayochimbwa Koru katika Kaunti ya Kisumu. Lakini chokaa hutumika kwa wingi, mara nyingi magunia kadhaa kwa ekari, na gharama ya kuisafirisha humshinda mkulima. Ningependa kuona sehemu ya ruzuku ikihamishiwa kwenye kupima udongo na kuleta chokaa, pamoja na maafisa wa ugani wa kutosha kumweleza mtu ni lini aache DAP na atumie nini badala yake. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kilimo, ikaiachia serikali kuu sera. Ugani ni wa kaunti. Hapo hatuna sababu ya kuinyoshea Nairobi kidole.

Sitalizungumzia kwa urefu soko la mahindi, maana lingehitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba mkulima aliyesaidiwa Machi na kuachwa Novemba hajasaidiwa sana. Mwaka 2018 wakulima wa eneo letu walisubiri kwa muda mrefu malipo ya mahindi waliyoyapeleka katika maghala ya serikali, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Wengi tangu hapo huuza kwa madalali mara tu wanapovuna, mahindi yakiwa bado na unyevu.

Sasa nirudi kwenye duka la karibu. Napendekeza vocha ya simu itumike katika maduka ya pembejeo yaliyoidhinishwa kila wodi na katika vyama vya ushirika, pamoja na maghala. Najua hatari yake. Tanzania ilieneza vocha za pembejeo kuanzia 2008, na utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulionyesha kwamba familia za viongozi wa vijiji zilijipatia sehemu kubwa ya vocha hizo. Ujanja wa wakala na kamati ya kijiji ni jambo la kweli, na anayelipuuza atawaumiza wale wale anaotaka kuwasaidia. Kinga yake ni uwazi. Huko Marekani, malipo ya ruzuku za kilimo huweza kutazamwa na mtu yeyote kwa jina la mpokeaji, kaunti kwa kaunti, na kwa sababu hiyo raia wa kawaida wanaweza kuhoji kwa nini shamba fulani kubwa linapokea fedha nyingi kila mwaka. Sisi tuna Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Namba za simu na vitambulisho vinaweza kufichwa, kama inavyotakiwa na sheria ya kulinda data ya 2019. Jina, kijiji, idadi ya magunia na tarehe ya kupokea vikibandikwa ukutani katika ofisi ya chifu, wanakijiji wenyewe watajua mara moja ni nani aliyeandikiwa ekari ambazo hana, na ni mjane gani aliyerukwa.

Usajili nao ufunguliwe kila Novemba, baada ya mavuno, na uulize nani atalima msimu ujao badala ya nani anamiliki. Makubaliano ya kukodi, hata yakiwa ya karatasi moja iliyoshuhudiwa na mzee wa kijiji, yatoshe kumpa mpangaji vocha kwa jina lake. Mjane aandikishwe kwa kitambulisho chake bila kungojea kesi ya urithi imalizike, kwa sababu kesi hizo huchukua miaka na mahindi hayasubiri.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka serikali za kaunti kuwasilisha mwelekeo wa bajeti katika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, baada ya kupokea maoni ya wananchi. Miezi hiyo ndiyo ya kutayarisha mashamba na kupanda, kwa hiyo vikao vingi hukaliwa na watu ambao hawalimi. Ningeomba kila wodi ya Trans Nzoia itume angalau mkulima mmoja, ikiwezekana mwanamke, akaulize mbele ya watu fungu la kusafirisha mbolea kutoka ghalani hadi wodi ni kiasi gani, gunia la kwanza litafika tarehe ngapi, na orodha ya waliopokea mwaka uliopita itabandikwa wapi.